Mahali: Mbuzi Sita na Jembe

Desemba ya mwaka 1978 watu wenye akili zao walikuwa wanatoka Bukoba. Walipita Biharamulo juu ya malori, magodoro yamefungwa kamba za katani, kuku wamening'inizwa vichwa chini, na kila aliyeshuka Nyakahura kuomba maji alikuwa na habari yake mpya ya ndege za Uganda. Ildefonsa wa Nyakisasa, binti wa miaka ishirini na miwili, darasa la saba kamili, mwalimu wa elimu ya watu wazima, ndiye peke yake aliyekuwa akihangaikia karatasi za kwenda huko. Na hakuwa anakwenda kupigana. Alikuwa anakwenda kuolewa.

Tusimcheke upesi. Mchumba wake, Anatory Nzeyimana, alikuwa fundi mwashi wa Kabanga, kule mpakani na Burundi. Alikuja Nyakisasa miaka miwili nyuma kujenga darasa la shule ya kijiji, na ukuta mmoja wa darasa lile ulimchukua muda wa kujenga kuta tatu, kwa sababu dirisha la ukuta ule lilitazamana na kibanda alimofundishia Ildefonsa jioni. Mwenyekiti wa kijiji alimsema sana kwa uvivu. Wanafunzi wa Ildefonsa, wazee watupu na wake zao, hawakumsema. Wao walikwisha kuelewa kabla ya mwenyekiti.

Mahari ikaletwa, ikapokewa, ikanywewa pombe. Harusi ikapangwa baada ya Pasaka. Kisha Novemba vita vikaja, wanamgambo wakaitwa, na Anatory akapanda lori na koti la kuazima. Katikati ya Desemba ikafika barua yake kutoka kambi moja karibu na Bukoba. Ildefonsa aliisoma akiwa amesimama, kuni zingali kichwani.

Anatory aliandika kwamba kambini waliandikishwa majina, na kila mmoja akatakiwa ataje ndugu wa karibu, yaani mtu wa kupelekewa habari likitokea la kutokea. Yeye akamtaja Ildefonsa. Afande akauliza, huyo ni nani wako? Akajibu, mchumba. Afande akasema mchumba si ndugu, taja mtu mwingine. Ikabidi amtaje kaka yake wa Kabanga, ambaye hajawahi kujibu barua hata moja tangu azaliwe. Sasa wanapewa ruhusa kwa zamu, na zamu yake ni Alhamisi, tarehe 11 Januari, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Nyakisasa hawezi kufika na kurudi kwa muda wa saa nane. Je, Ildefonsa anaweza kuja yeye, wakaoane bomani Bukoba?

Barua hiyo ilimkuta Ildefonsa mahali panapouma. Wiki tatu nyuma, jirani yake Deodata alifiwa na mchumba huko huko vitani. Taarifa ilikwenda kwa ndugu wa kiume, kama ilivyoandikwa, na ndugu yule akakaa nayo. Deodata aliambiwa msiba wake sokoni Nyakahura, na muuza maharage, aliyedhani Deodata amekwisha kujua. Mwanamke mzima ameshika kibaba mkononi, anaambiwa mbele ya watu: pole sana, tumesikia. Alirudi nyumbani bila maharage, na mpaka Krismasi hakuwa amesema neno la maana.

"Mimi sitaambiwa na muuza maharage," Ildefonsa alimwambia shangazi yake, Jovina. "Kama ni heri au ni shari, nataka niwe mtu wa kuambiwa."

Shangazi Jovina ndiye aliyemlea, maana mama yake alifariki Ildefonsa akiwa bado ananyonya. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, asiyejua kunong'ona. "Basi tafuta hizo karatasi," alisema. "Mimi nitakusindikiza. Mabomu yenyewe hayanijui."

Karatasi zilikuwa tatu, na Anatory alizinakili kama karani wa bomani alivyomtajia. Cheti cha ubatizo, kuonyesha umri. Barua ya kijiji, kwamba binti hajaolewa. Na kubwa kuliko zote, tangazo la ndoa, ambalo lazima libandikwe kijijini siku ishirini na moja, kisha katibu aandike kama kuna pingamizi au hakuna. Kama lipo, liambatishwe.

Cheti alikipata parokiani. Padri alifunua kitabu, akakitazama, kisha akamtazama yeye juu ya miwani. "Ndoa ya bomani, Ildefonsa?"

"Ya kanisani itafuata, Padri. Akirudi."

"Akirudi," padri alirudia, akaandika cheti, halafu akambariki bila kuombwa. Ildefonsa alikuwa amejiandaa kwa mahubiri marefu, na baraka ile ilimvunja nguvu kidogo.

Tangazo lilikuwa kazi ya katibu wa kijiji, na hapa ndipo mambo yalipoharibika kwa utulivu mkubwa, bila mtu yeyote kusikia mlio.

Katibu aliitwa Shibuda. Alikuwa Msukuma, aliyeletwa Nyakisasa wakati wa kuhamia vijijini, akapapenda akabaki. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa kitabu. Ila ulimi wake, kama ndimi nyingi za kwao, haukuwa na haja na herufi R. Kwake barua ilikuwa balua na karatasi ilikuwa kalatasi. Wahangaza wa Nyakisasa wao walikuwa upande wa pili wa mto: wengi wao L ndiyo iliyokuwa mgeni. Walirima, wakarara, wakaamka wakarima tena. Shibuda na kijiji chake walielewana vizuri kabisa, kwa sababu kila mmoja alizoea kumsahihisha mwenzake kimoyomoyo.

Fomu yenyewe ilitoka wilayani, imepigwa chapa ya wino hafifu. Ilikuwa na nafasi ya majina, nafasi ya umri, nafasi ya wazazi wa binti, na baada ya wazazi wa binti, neno moja tu: MAHALI. Serikali ilitaka kujua ndoa itafungiwa wapi. Shibuda alisoma neno lile kwa ulimi wa kwao, akaona ni sawa kabisa kwamba baada ya wazazi wa binti huulizwa walichopokea. Akaandika kwa mwandiko wake wa kupendeza: *Mbuzi sita, mtamba mmoja na jembe.*

Akalibandika mlangoni pa ofisi ya kijiji tarehe 18 Desemba. Jioni ile, kwenye mkutano, mwenyekiti akatangaza kwa mdomo kwamba mwalimu Ildefonsa anakwenda kuolewa Bukoba, mwenye neno aseme. Kwa siku ishirini na moja kijiji kizima kilipita mbele ya mlango ule. Walisoma wazee waliofundishwa na Ildefonsa, wakijivunia kila silabi. Alisoma mwalimu mkuu wa shule. Alisoma Ildefonsa mwenyewe, kila asubuhi, kwa furaha. MAHALI: Mbuzi sita, mtamba mmoja na jembe. Hakuna aliyeona kosa, kwa sababu kila mmoja aliona neno alilolizoea.

Siku ya kumi na nne Shibuda alimsimamisha njiani. Alivua kofia, na Shibuda hakuwa mtu wa kuvua kofia.

"Mwalimu, kuna pingamizi."

"La nani?"

"La mzee. Baba yako."

Ildefonsa alidhani amesikia vibaya. Baba yake, mzee Leonidas, alikuwa mtu wa maneno machache kama mvua ya Julai, lakini alimpenda Anatory. Walikuwa wanakaa pamoja kimya, wakitengeneza mipini ya majembe, na kila mmoja akiridhika sana na mazungumzo.

"Anapinga nini?"

"Mahali," Shibuda alisema kwa ulimi wake, akatazama chini. "Wale mbuzi. Ameandika mwenyewe, kwa mkono wake. Anasema mtoto ni mmoja."

Halmashauri ya kijiji ilikaa juu ya jambo hilo robo saa nzima. Ikasema mahari ilikubaliwa mbele ya wazee na pombe ikanywewa, haiwezi kufufuliwa. Pingamizi likakataliwa, likaandikwa hivyo nyuma ya karatasi, likapigwa muhuri. Mwenyekiti alimpitia mzee shambani, akamwambia, "Mzee wangu, tumelikataa." Leonidas akajibu, "Haya," akaendelea kupalilia migomba.

Kijiji kilicheka, lakini si kwa ubaya mwingi. Kwenye kilabu cha pombe walisema Leonidas anataka wa saba. Ildefonsa hakucheka. Aliwaka moto. Mwanamume anakwenda kwenye risasi, na baba anahesabu mikia! Na hakuweza kumuuliza, kwa sababu binti wa Kihangaza haongei na baba yake habari za mbuzi wake mwenyewe. Hilo ni la wajomba na mashangazi. Shangazi Jovina alijaribu, lakini kaka yake alimwambia tu, "Wamekwisha kataa, tuache." Basi Ildefonsa akawa anamwekea baba yake chakula, anageuka, anaondoka. Alimwekea ugali wa muhogo moto na mgongo baridi kwa siku saba.

Jumanne tarehe 9 Januari lori lilikuja kuchukua michango ya kijiji kwa ajili ya askari: maharage, ndizi, mbuzi. Ildefonsa na Jovina wakapewa nafasi juu ya magunia. Kabla halijaondoka, Leonidas alitokea akivuta beberu mkubwa kuliko wote sita wa mahari, akamfunga kwenye ubao wa lori kama mchango wake. Watu wakatazamana. Ildefonsa naye alimtazama beberu, akashindwa kumwelewa mwenye beberu.

"Utarudi rini?" baba yake aliuliza.

"Jumapili."

"Haya." Alisimama hapo mpaka lori likapinda. Ildefonsa alimwona, lakini hakupunga mkono, na kwa miaka mingi baadaye alipenda kusema kwamba mkono ule usiopungwa ulimuuma kuliko meno.

Walilala Biharamulo kwa jamaa za Jovina. Huko, kabla ya kulala, Ildefonsa alifungua bahasha ya Shibuda. Cheti kilikuwamo, barua ilikuwamo, tangazo lilikuwamo, na nyuma yake, kwa pini, karatasi ya baba yake imekunjwa mara mbili. Akaichomoa. Hakuisoma, nani asome aibu ya baba yake? Akaikunja ndogo zaidi, akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Kama karani akiona pingamizi atatufukuza," alisema.

"Wameandika iambatishwe," Jovina alisema.

"Shangazi, lala."

Bukoba ilikuwa mji ulioshika pumzi. Maduka mengi yalikuwa na kufuli, mahandaki yamechimbwa kando ya njia, na askari walikuwa wengi kuliko raia. Lakini ofisi ya boma ilikuwa wazi, na nje yake, Alhamisi saa tatu kasorobo, alisimama Anatory. Alikuwa amekonda. Viatu vilikuwa vya mwenzake mmoja, mkubwa wa miguu, na alipotembea vilichelewa kumfuata. Ildefonsa alikuwa amepanga maneno tangu Nyakahura, na yote yalimtoka kichwani.

"Shikamoo shangazi," Anatory alisema kwanza, kwa heshima, macho yakiwa kwa Ildefonsa.

"Marahaba, mkwe. Mtazame tu, mimi nitageuka."

Karani wa ndoa alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Speciosa, mwenye mashine ya chapa na kikombe cha chai kilichopoa. Mji mzima ulikuwa unafikiria kukimbia. Speciosa alikuwa anafikiria nakala tatu. Akapokea cheti, akapiga tiki. Akapokea barua, akapiga tiki. Akapokea tangazo, akasoma, akarudia kusoma, akavua miwani.

"Mnafungia ndoa wapi?"

"Hapa, dada," Anatory alisema.

"Hapa wapi? Hapa pameandikwa: mahali, mbuzi sita, mtamba mmoja na jembe."

Anatory aliinama kuangalia. Jovina naye. Ildefonsa alitazama maneno aliyoyasoma asubuhi ishirini na moja, na kwa mara ya kwanza akaiona ile L. Ilikuwa imesimama wima katikati ya neno, kubwa, ya chapa, haikujificha hata kidogo.

"Ni kosa la kuandika," alisema. "Katibu alidhani ni..."

"Najua alichodhani," Speciosa alisema, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Lakini sheria inataka tangazo litaje mahali pa ndoa, ili mwenye kupinga ajue anapinga nini. Hili halikutaja. Itabidi libandikwe upya. Siku ishirini na moja."

"Dada," Anatory alisema polepole, "mimi natakiwa kambini saa kumi. Siku ishirini na moja kuanzia leo sijui nitakuwa wapi. Hata afande hajui."

"Kaka yangu, sikuitunga mimi hiyo sheria." Speciosa aliishika miwani yake mkononi, hakuivaa. "Hakuna karatasi nyingine? Barua, muhtasari wa mkutano, chochote kinachoonyesha kijiji kiliambiwa ni Bukoba?"

Mkono wa Ildefonsa ulikwenda wenyewe kwenye pindo la kanga, ukakaa hapo. Karatasi ile ilikuwa na muhuri wa kijiji, basi ilikuwa karatasi. Lakini ilikuwa pingamizi. Kuitoa ni kumwambia karani kwamba hata baba yake hataki. Kutoitoa ni kurudi Nyakisasa na kungoja muuza maharage.

Jovina aliuona mkono. Alisema kwa sauti yake ile isiyojua kunong'ona, mpaka askari wa mlangoni akageuka: "Mficha uchi hazai, Ildefonsa. Toa!"

Akaitoa. Pindo lilikuwa na fundo gumu, akalifungua kwa meno. Akaiweka mezani na kufumba macho. Speciosa akaikunjua, akaisoma kwa sauti, kwa sababu ndivyo alivyozoea kusoma kila kitu:

"*Mimi Leonidas napinga mahari. Bukoba kuna mabomu. Mtoto ni mmoja.*"

Akaisoma tena, polepole zaidi. "Huyu mzee alisoma wapi?"

"Elimu ya watu wazima," Ildefonsa alisema, macho bado amefumba. "Nilimfundisha mimi."

"Na neno hili, mahali, pale mtu anapokaa, pale anapokwenda, ulimfundisha kuliandikaje?"

Ildefonsa akafumbua macho. Alijiona mbele ya ubao wake mweusi, chaki mkononi, wazee ishirini wakiimba pamoja naye. Ma. Ha. Ri. Mahari petu. Mahari pa kuteka maji. Alikuwa ameiandika R ile kwa mkono wake, kubwa, nzuri, na baba yake, mbele kabisa, ulimi umetoka nje kwa bidii, akainakili mpaka ikakaa sawa.

Baba yake hakupinga mbuzi. Hakuwahi kupinga mbuzi. Alipinga mahali. Alisimama mbele ya ofisi ya serikali, mtu anayeona aibu hata kuomba chumvi, akaandika sentensi tatu za kwanza za maisha yake kwa sababu alikuwa anaogopa mtoto wake atakufa. Nao wakayasoma mabomu kama kisingizio cha kupandisha bei, wakamjibu habari za mikia. Na yeye, mwalimu wake, akamgeuzia mgongo siku saba.

Alilia palepale, mbele ya mashine ya chapa, bila kujificha. Anatory hakujua kama inaruhusiwa kumshika bibi harusi kabla ya muhuri, akamshika.

Speciosa hakulia. Alikuwa amekwisha kusimama, karatasi mkononi, na uso wake ulikuwa na furaha ya karani aliyepata kifungu. "Mtu hapingi Bukoba kama hakutangaziwa Bukoba," alisema. "Na hii ina tarehe, na muhuri, na iko ndani ya zile siku ishirini na moja. Kaeni hapa. Msitoke. Mama, wewe ulikuwepo mkutanoni? Utaapa?"

"Nitaapa hata mara mbili," Jovina alisema.

Akaingia kwa msajili, mlango ukafungwa. Walisikia sauti ya mwanamume ikiuliza, "Mbuzi?" na baada ya hapo kicheko kirefu. Saa nne ikapita. Saa sita ikapita. Msajili aliitwa kwenye mkutano wa ulinzi, akarudi. Aliuliza kama pingamizi la baba bado lipo. Speciosa akasema binti ana miaka ishirini na miwili, na baba hapingi ndoa, anapinga mabomu, na nani asiyeyapinga? Jovina akala kiapo kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani. Saa nane na nusu Ildefonsa na Anatory walisimama mbele ya meza, wakaulizwa, wakajibu, wakatia sahihi. Askari wa mlangoni akawa shahidi wa pili. Kwenye cheti Speciosa aliandika *Mahali: Bukoba*, akawageuzia karatasi.

"Someni kwanza," alisema. "Herufi kwa herufi."

Walikula ndizi na chai kwenye hoteli pekee iliyokuwa wazi, wote watatu kwenye benchi moja. Saa kumi kasorobo Anatory aliivua pete ya shaba aliyoitengeneza kambini kwa ganda la risasi, akamvika Ildefonsa, akasema kitu cha kwanza atakachofanya ni kwenda kwa yule afande na kubadilisha jina la ndugu wa karibu. Kisha akaondoka na viatu vyake vinavyochelewa.

Jumapili Ildefonsa alimkuta baba yake akikata majani ya migomba. Alipiga goti. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Hakuna bomu?"

"Hakuna, baba." Halafu, kwa kuwa mambo ya mbuzi hayasemeki lakini mambo ya herufi ni ya mwalimu, akachukua kijiti, akaandika chini, kwenye udongo, maneno mawili, moja chini ya lingine. Akamweleza. Hili ni la kukaa. Hili ni la kuolea. Nilikufundisha vibaya, nisamehe.

Leonidas alitazama chini kwa muda mrefu, akifuatisha kwa kidole.

"Basi wote waridhani nataka mbuzi."

"Ndiyo, baba."

"Na wewe?"

Ildefonsa angeweza kudanganya. "Na mimi."

Mzee alifuta R kwa unyayo wake, taratibu, kama mtu anayezima moto mdogo. "Mbuzi sita warikuwa wengi hata hivyo," alisema. "Wamenimarizia migomba." Akarudi kwenye majani yake, na baada ya hatua mbili Ildefonsa akasikia anacheka, kicheko ambacho hakuwa amekisikia tangu utotoni.

Jumatatu iliyofuata darasa zima lilijifunza neno moja tu. Shibuda naye alikuja, akakaa nyuma na kofia magotini, akasema "rrr" pamoja na wazee wanaosema "lll", na waliopita nje walidhani ndani kuna trekta.

Kisha ikawa kungoja. Januari jeshi likavuka mpaka. Aprili redio ikatangaza Kampala imeanguka, watu wakacheza ngoma. Ildefonsa alicheza kidogo, akaketi. Barua mbili zilifika, kisha hazikufika tena. Mei ikapita, Juni ikapita. Aliendelea kufundisha. Deodata alianza kuja darasani, akakaa karibu na mlango, na siku moja akasoma mstari mzima.

Agosti, siku ya jua kali, Shibuda alikuja mwenyewe nyumbani kwa Leonidas. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki yenye muhuri wa jeshi. Kofia alikuwa amevua. Juu ya bahasha iliandikwa: *Kwa Bi. Ildefonsa, mke wa Anatory Nzeyimana.*

Ndiye mtu wa kuambiwa. Alikuwa ametafuta jambo hilo mpaka Bukoba, na sasa lilipofika mikono ilikataa. Aliigeuza bahasha, akaiweka magotini, akaitazama. Shibuda akatazama miguu yake. Jovina, kwa mara ya kwanza, alikaa kimya.

"Nipe," baba yake alisema.

Akaifungua kwa kisu cha migomba. Akaisogeza karatasi mbali na macho, akatafuta mstari wa kwanza kwa kidole, akaanza, silabi moja moja, jasho likimtoka, kama alivyofundishwa.

"U-na-a-ri-fi-wa kwa-mba mu-me wa-ko..." Akasimama, akatafuta mstari uliofuata. "...a-ta-wa-si-ri, pa-mo-ja na wa-na-mga-mbo we-nza-ke, ta-re-he i-shi-ri-ni." Hapo Jovina alipiga kigelegele, lakini mzee aliinua mkono, maana kazi haikuwa imekwisha. Chini ya mstari ule kulikuwa na neno la chapa, peke yake, na maandishi ya mkono mbele yake. Alilitazama, akakunja midomo, akauweka ulimi wake nyuma ya meno pale alipoelekezwa.

"Ma-ha-LI pa ku-m-po-ke-a: Nga-ra, bo-ma-ni."

Akaikunja karatasi, akamrudishia binti yake.

"Hapo," alisema, "sipingi."